Gati Aliyepunguza Ugali

Kila asubuhi kabla ya kukamua, Gati alikuwa anachota chumvi kidogo kutoka kwenye kopo, anaitia kwenye kiganja cha kushoto, na kumwachia ng'ombe ailambe. Ng'ombe wanne wa maziwa, viganja vinne. Hakuongea nao kama wanawake wengine wanavyoongea na ng'ombe. Alingoja ulimi umalize, akajifuta kwenye kanga, akavuta kigoda. Mama yetu, Nyangi, alisema huko ni kupoteza chumvi. Gati alijibu, "Ndiyo, mama," na kesho yake akafanya vile vile.

Aliolewa kwetu Nyamwaga akitokea Kenyamonta, upande wa Serengeti. Aliyemwoa ni kaka yangu Wangwe. Gati alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, hana maneno mengi, ni mtoto wa kwanza wa mama mjane. Walikuwa na miaka miwili pamoja na hawajapata mtoto. Mimi ni wifi yake. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo mchana nilikuwa nyumbani, na haya ninayoandika niliyaona. Mahali ambapo sikuona, nasema.

Wangwe anafanya kazi Nyamongo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Anavuta mifuko ya mawe kutoka shimoni kwa kamba. Anaondoka Jumatatu alfajiri na bodaboda, anarudi Jumamosi mchana amechoka, mabega yamejaa kama ya fahali. Jumamosi hiyo anakula, analala. Watu wa hapa wanamjua kwa nguvu. Kwenye kubeba magunia ya mahindi hakuna kijana wa rika lake anayemshinda.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kulikuwa na sherehe kwa binamu yetu Daudi, anapokea mke. Wangwe alitoka Nyamongo akaingia moja kwa moja kwenye sherehe. Alikula ugali wa muhogo na mtama, nyama, wali, akanywa soda tatu, akarudi akalala. Asubuhi ya Jumapili Gati alitoka nje akasimama mlangoni mwa nyumba yao. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, njoo. Wangwe hasimami."

Tuliingia. Kaka alikuwa amelala chali, macho mazima, sauti nzima. Alisema hakuna panapouma. Alisema anaiambia miguu isogee na yenyewe haisikii. Mama alimfinya paja.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama. Unaniumiza."

"Basi inuka."

"Ningeweza si ningeinuka?"

Mama akaenda jikoni mbio. Kwetu mtu akiishiwa nguvu analishwa. Akapika uji mzito na sukari nyingi, akamnywesha bakuli mbili, halafu ugali na maziwa. Kaka akazidi kulegea. Mchana mikono nayo ikawa mizito. Ilipofika jioni ndipo vidole vya miguu vikaanza kucheza, halafu magoti, na saa moja akawa amekaa nje anacheka. Daudi alipita akamwambia, "Mura, kijana, miguu yako ilienda sokoni bila kukuaga?" Watu wakacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Mwezi wa pili alianguka tena, mwezi wa tatu mara mbili. Mama aliendelea na uji wa sukari. Majirani wakaanza kupunguza sauti wakipita kwetu. Mama Teresia wa nyumba ya pili, ambaye ana maneno, aliniuliza kisimani, "Huyo wifi yako, huko kwao Serengeti, bibi yake ni nani?" Nilimwambia simjui. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Gati alikuwa anaangalia. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa namwangalia yeye. Kwenye ukuta wa jiko, nyuma ya mlango, alikuwa anachora mistari ya mkaa. Sikuelewa mpaka aliponionyesha mwezi wa nne. Mstari mrefu ni Jumamosi ambayo Wangwe amekula sana. Mstari mfupi ni Jumamosi aliyokula kidogo. Nukta ni Jumapili aliyoanguka. Nukta zote zilikuwa chini ya mistari mirefu. Hakuna hata moja chini ya mfupi.

"Umemwambia mama?" nikamuuliza.

"Nitamwambiaje mama kwamba chakula chake ndicho kinachomwangusha mwanawe?"

Akafanya alivyoweza. Alianza kupunguza ugali. Jumamosi Wangwe akirudi, Gati alimpa kipande kama cha mtoto wa shule, mboga nyingi, maziwa mgando kidogo, soda hakuna. Jioni akamwambia watembee pamoja mpaka mtoni na kurudi, asikae tu. Mei nzima kaka hakuanguka. Nadhani Gati angekuwa mtu wa maneno, yote yangeenda vingine. Lakini hakueleza, na huku kwetu mwanamke anayempunguzia mume ugali ni kama amemtukana mbele ya watu. Mume aliyetoka kuvuta mawe wiki nzima! Mama alipoona sinia ile siku ya kwanza alisimama nayo uani.

"Hiki ni nini, Gati?"

"Chakula cha Wangwe, mama."

"Cha Wangwe au cha kuku?"

"Cha Wangwe."

"Mwanangu anaumwa, anaanguka, na wewe unamkatia chakula. Nani alikutuma?"

Gati akainamisha kichwa. Wangwe alikuwa ndani anasikia. Hakutoka.

Mwezi wa sita mwanzoni, mama alimwita baba mkubwa, Mogesi, ambaye ndiye mkubwa wa familia tangu baba afariki. Walikaa uani, baba mkubwa, mama, Wangwe, Daudi na wazee wengine wawili. Mimi nilikuwa nagawa chai. Gati aliitwa akae chini mbele yao.

"Binti," baba mkubwa alianza, "tumekuoa kwa heshima. Hatujakupiga, hatujakutukana. Sasa nauliza swali moja. Kwa nini unamnyima mume wako chakula?"

"Tata, baba yangu, nimeangalia. Akila sana ugali Jumamosi, Jumapili haamki. Akila kidogo, anaamka."

Wazee wakaangaliana. Baba mkubwa akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kitu cha watoto.

"Chakula kinamwangusha mtu? Mimi nimezeeka nikijua njaa ndiyo inayoangusha."

"Hata mimi sijui kwa nini, tata. Nimeona tu."

"Aliyefunga ndiye anayejua mahali fundo lilipo," mama akasema.

Hapo kila mtu alielewa kilichosemwa. Gati alinyanyua uso akamwangalia Wangwe, kama vile anamwachia nafasi. Kaka alikuwa anazungusha kikombe cha chai mkononi.

Baba mkubwa akamaliza. Kuanzia siku ile Jumamosi na Jumapili Wangwe atakula kwa mama yake. Na akianguka tena, Gati atarudishwa Kenyamonta, na kwao wataambiwa sababu. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa zito. Mwanamke anaweza kurudi kwao kwa ugomvi, akaolewa kwingine. Akirudishwa kwa jina la mchawi, haolewi tena, na mama yake mjane anaanza kukwepwa kisimani, na wadogo zake hawachumbiwi. Gati alisema, "Nimesikia," akaenda kuwafungulia ndama.

Jumamosi iliyofuata mama alichinja kuku wawili. Alipika ugali wa kilima, akaweka chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Wangwe alikula. Nilimwona anasita kwenye tonge la kwanza, halafu akala. Gati alikuwa nyuma ya jiko anapanga kuni, akarudia kuzipanga, akarudia tena.

Jumapili asubuhi safari hii haikuwa miguu peke yake. Mikono ilikuwa imelala, shingo haishiki kichwa. Akiongea, sauti inatoka kidogo kidogo. Mama akashika sufuria ya uji. Gati akaichukua mikononi mwake, akaiweka chini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimzuia mama kitu.

"Hapana, mama. Leo tunaenda kituo cha afya. Mkitaka kunirudisha mtanirudisha kesho."

Alimpigia simu Felix wa bodaboda. Wakamweka Wangwe katikati, Gati nyuma akamfunga kwenye kiuno chake kwa kanga asianguke. Mimi na mama tulifuata na pikipiki nyingine. Barabara ilikuwa na vumbi na mama alikuwa anasali njia nzima.

Pale kituoni tabibu wa zamu alikuwa anaitwa Lusekelo, mtu wa Mbeya, mfupi, anaongea haraka. Tulipomwingiza Wangwe, alimwangalia usoni akasema, "Wangwe! Umerudi tena? Zile dawa nilizokupa mwezi wa tatu umezimaliza, au umeziweka juu ya kabati?"

Gati alikuwa bado anafungua lile fundo la kanga.

"Dawa gani?" akauliza.

"Za potasiamu. Wewe ni mke wake? Hakukwambia? Nilimtuma hospitali kubwa wakampima damu, majibu yakaja. Nikamwandikia na masharti: ugali kidogo, sukari aache, akitoka kazi nzito asilale hapo hapo, atembeetembee kwanza." Akaendelea kumpima mapigo huku anaongea. "Nikamuuliza kama kuna mtu kwenye ukoo ana ugonjwa huu. Akaniambia mjomba wake, Waitara, alikuwa anaanguka hivi hivi kila baada ya harusi. Ni wa kurithi huu. Unatembea na damu."

Waitara ni kaka yake mama. Alifariki mimi nikiwa mdogo. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi anaangalia sakafu.

Lusekelo alikoroga dawa kwenye maji, akamnyanyua Wangwe kichwa akamnywesha polepole, akasema atarudia baada ya muda na tusiharakishe, kwa sababu ikizidi ghafla moyo unaweza kusimama. Tukakaa kusubiri. Gati akamuuliza, bila hasira, kama anayeuliza njia, "Daktari, ugali unawezaje kulaza miguu?"

Nadhani Lusekelo alifurahi kuulizwa. Alivuta kiti.

"Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana, seli. Ukitaka kusogeza mguu, ubongo unatuma habari kwenye mshipa wa fahamu, mshipa unaipeleka mpaka kwenye msuli. Habari hiyo ni umeme. Si wa nguzo, ni mdogo. Betri moja ya tochi ni volti moja na nusu. Gawa mara ishirini, kipande kimoja ndio umeme wa seli moja ya mshipa. Sasa unatoka wapi? Unatoka kwenye chumvi."

"Chumvi," Gati akasema.

"Chumvi za aina mbili. Kila seli ina utando mwembamba kuizunguka. Nje ya utando kuna sodiamu nyingi, hiyo iliyoko kwenye chumvi ya mboga. Ndani kuna potasiamu nyingi. Na kwenye utando kuna pampu. Inatoa sodiamu tatu nje, inaingiza potasiamu mbili ndani, mchana na usiku, hata umelala. Kwa hiyo ndani potasiamu imejazana. Kitu kikijazana kinataka kutoka kwenda penye nafasi, si ndiyo? Na utando una vitundu vinavyoiruhusu. Inaanza kutoka. Lakini kila punje ya potasiamu ina chaji chanya, na ikitoka inaacha ndani wenzake wenye chaji hasi, wakubwa, ambao hawapiti kwenye vitundu. Ndani panabaki hasi. Na hasi inavuta chanya irudi. Sasa hapa ndipo watu wengi..."

"Kama ng'ombe waliozaa juzi," Gati akasema.

Tabibu akamgeukia. "Vipi?"

"Asubuhi unafungua zizi. Ndama unawaacha ndani, mlango wa ndama ni mwingine. Ng'ombe wamebanana usiku kucha, wanataka majani. Wanatoka wachache. Ndama wanalia. Wale waliotoka wanasimama kwenye uzio, hawaendi malishoni na hawarudi ndani. Majani yanawavuta huku, ndama wanawavuta huku."

Lusekelo alipiga goti lake kwa kiganja. "Dada, hivyo hivyo! Pale wanaposimama kwenye uzio, ile kuvutana ndiyo umeme wenyewe. Seli imetulia lakini imejaa mvutano, inangoja. Habari ikija, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu ya nje inaingia kwa kishindo, ndani panageuka chanya kwa kufumba na kufumbua. Halafu milango hiyo inafunga, potasiamu inatoka, panarudi hasi. Mlango wa jirani nao unafunguka, na wa jirani yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndivyo habari inavyotembea toka kichwani mpaka mguuni."

"Na msuli wa Wangwe?"

"Msuli nao una utando na umeme kama mshipa. Wa Wangwe una milango yenye kasoro, amezaliwa nayo. Akila wanga mwingi, au sukari, mwili unatoa insulini, na insulini inasukuma potasiamu iliyoko kwenye damu iingie ndani ya misuli. Damuni inabaki kidogo. Mimi na wewe tunastahimili. Yeye ile milango mibovu inavujisha, mvutano unaharibika, msuli hauwezi kuwaka. Ubongo unaagiza, mshipa unafikisha, msuli kimya. Ndiyo maana anasikia ukimfinya na hawezi kusogea."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ule uji..."

"Uji wa sukari ndio ulikuwa unamzamisha, mama. Hukujua."

Gati akasema, "Na ndizi? Kwetu zipo nyingi."

"Ndizi ina potasiamu, lakini ina na wanga. Ale moja moja, si sinia."

Saa tisa alasiri vidole vya mkono vya Wangwe vilisogea. Saa kumi na moja alikaa. Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, naye amekaa kwenye pikipiki mwenyewe.

Jumatatu hakwenda kazini. Baba mkubwa alikuja asubuhi akaelezwa na mama, maneno machache, na jina la mjomba Waitara halikutajwa mpaka Gati alipolitaja. Baba mkubwa alivua kofia. Alisema hadharani, uani, mbele ya Daudi na wale wazee wawili, kwamba wamekosea, binti hana doa, na mbuzi atachinjwa kusafisha neno lililosemwa. Alichinjwa. Hata mama Teresia alikuja akala, akamwita Gati "mwanangu". Kwa hiyo jina lilisafishwa, na habari ikafika Kenyamonta kabla ya nyama kuisha.

Jioni hiyo nilikuwa nachambua mboga nje ya jiko, wao wawili wamekaa kwenye kizingiti cha nyumba yao.

"Ulijua tangu mwezi wa tatu," Gati akasema.

"Nilijua."

"Ukaficha dawa."

"Nilimwambia mama ni ugonjwa wa mjomba, habari ya ugali sikumwambia, akasema tungoje kidogo. Kuna huyu mdogo wangu hajaolewa. Ukoo ukijulikana una ugonjwa, nani atakuja kubisha hodi?"

Hakuniona. Niliendelea kuchambua.

"Haya, mdogo wako," Gati akasema. "Na siku ya kikao, walipokuwa wanasema nitarudishwa kwa jina lile, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Si nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale."

"Gati, si yamekwisha? Mzee amesema, mbuzi amechinjwa."

"Ndiyo," Gati akasema. "Mzee amesema."

Wiki ile alifanya kazi kama kawaida. Alimwonyesha mama kipimo cha dawa na kipimo cha ugali, akautumia mkono wa mama wenyewe kupimia, sio wake. Alinifundisha dalili: mapaja kuwa mazito, kusikia uvivu usio wa kawaida asubuhi, hapo dawa inywewe mapema. Wangwe alirudi Nyamongo Jumanne, akaja Jumamosi. Alikula kipande kidogo, akatembea mpaka mtoni, safari hii peke yake. Jumapili aliamka mapema kuliko wote, akatoka nje, akajinyoosha, akapasua kuni.

Gati alikamua ng'ombe wanne, akachuja maziwa, akaosha vibuyu na kuvianika. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa lile gauni la bluu alilokuja nalo, na begi dogo la mgongoni.

Mama alikuwa anaanika mtama. "Gati, unaenda wapi na jua hili?"

"Naenda, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Utarudi saa ngapi?"

Gati alinishika bega kidogo alipopita kwangu. Wangwe aliacha shoka, akasema, "Ngoja nimwite Felix akupeleke," na Gati akasema hapana, atatembea mpaka barabara kubwa. Kaka akasimama pale, akaokota shoka, akaliweka tena.

Akapita kati ya migomba, akatokea njiani, akakunja kwenda upande wa Serengeti. Ilikuwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita. Mama alimwekea chakula kila jioni mpaka Jumatano.